Vidole vimeiva, mdomo bado mbichi

Mi napiga kinanda parokiani huu mwaka wa 11 na sijawahi kuimba hata mstari mmoja huku napiga. Kwaya ndo inaimba, mi nahangaika na vidole vyangu, mwalimu akinyanyua mkono naanza, akiukunja nanyamaza. Sa mwezi wa tatu jamaa yangu mmoja tunayeuza nae kava za simu pale Makoroboi, Mwanza, akaweka Let It Be ya The Beatles kwenye spika akaniambia we si fundi wa kinanda, hebu tupigie hii afu uimbe mwenyewe. Nkamwambia kesho jioni tu njoo.

Kesho jioni! Imenichukua miezi minne.

Na kinanda wala hakikunisumbua. Ule wimbo umetoka 1970, Waingereza wale, wanamuziki wa roki, lakini ukiukalia unakuta kama umeandikwa kwa ajili ya misa ya alfajiri. Do iko kwenye C, kodi (yaani chords, noti kadhaa unazobonyeza kwa pamoja) ni C, G, A maina, F, afu C, G, F, unarudi C, basi. Na ile F inayorudi C mwisho wa mstari ndo ile ile tunayoitikia Amina kanisani, yaani jamaa wanaimba habari zao lakini kinanda kinajibu Amina, Amina, mpaka unacheka. Ogani inayosikika kwa nyuma kapiga Billy Preston, Mmarekani, na yeye alianzia kanisani toka mtoto, nilivyolijua hilo hata sikushangaa.

Nikaandika solfa, zile do re mi, kwenye daftari. Kuna sehemu katikati hakuna anayeimba, kinanda kinashuka chenyewe, na hapo ndo kuna kitufe cheusi, B flati, kwenye solfa ni "ta". Kitufe kimoja tu lakini kilinitesa wiki nzima, kwa sababu wapiga vinanda wa kwaya, tuseme ukweli, wengi wetu kila wimbo tunaupigia kwenye C, vitufe vyeupe tu, afu tunabonyeza transposi, kile kitufe kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote. Msinipige mawe, hapa Mwanza mawe hayajawahi kuisha.

Kazi ilianza nilipofungua mdomo. Wimbo wenyewe mkono wa kulia unapiga kodi nne nne, sawasawa kama mtu anatwanga, ila maneno hayafuati hayo mapigo, mengine yanawahi mengine yanachelewa. Mi nikiimba mkono unafuata maneno, silabi sita kodi sita, vurugu. Nikiukaza mkono utulie, mdomo nao unaanza kutwanga, nasikika kama mtoto anasoma ubao. Mke wangu akawa anatoka nje kuanika nguo ambazo zishakauka.

Nikamfuata mwalimu wa kwaya. Akaniambia wewe usiimbe kwanza, piga huku unaongea, mikono ikizoea kutokukutegemea ndo uimbe. Nikaona ananitania ila nikajaribu, napiga huku namsimulia mke wangu mambo ya dukani, kila nikifika kwenye jambo la maana kodi zinapotea. Ilichukua kama wiki tatu hivi. Siku tuliyobishana hela ya dagaa mwanzo mpaka mwisho na kodi hazijayumba hata moja nikajua hapa mikono imeiva. Baada ya hapo nikaimba "la la la" tu bila maneno, afu ndo maneno, mstari mmoja kwa wiki, nikiweka alama ya penseli chini ya kila silabi inayoangukia kwenye kodi. Hilo la penseli ndo lililoniokoa, mwenye daftari ajaribu. Mpaka kwenye daladala kutoka Buzuruga nagonga paja naimba kimoyomoyo, siku moja mkono ukahamia kwenye bati konda akadhani nataka kushuka, akanishusha Mabatini na mjini ndo nilikokuwa naenda.

Sauti yenyewe mi besi, kibwagizo kinapanda, kwaiyo nimeshusha hatua tatu kwa transposi. Ndio, ile ile niliyoisema hapo juu.

Juzi mama kaja na meli kutoka Ukerewe, jioni akanikuta nafanya mazoezi. Akasikiliza weee, afu akauliza, "Mwanangu, huo wimbo wa Mama Maria mbona kule kwetu hatuuimbi?"

Nikamwambia mama, huyo Mother Mary anayetajwa kwenye wimbo sio Mama Maria. Aliyeuandika anaitwa Paul McCartney, mama yake mzazi jina lake ndo lilikuwa Mary, nesi na mkunga, akafariki 1956 Paul ana miaka 14. Baadae sana, ameshakuwa mtu mzima na kundi lao linavunjika, akamwota mama yake anamtuliza.

"Alikuwa mkunga?"

"Ndio mama."

"Na watoto akawaachia nani?"

"Baba yao. Walikuwa wawili, wa kiume."

Mama akanyamaza kidogo, akavuta kigoda. "Haya anza upya. Na usikimbie kama unafukuzwa."

Nikaanza. Beti mbili zikaenda vizuri kuliko siku zote, nikafika pale kinanda kinaposhuka, nikagusa ile "ta", umeme ukakatika. Giza. Mikono haikusimama bwana, ikaendelea kugonga funguo zilizozimika, tok tok tok, na mi nikaingia kwenye kibwagizo bila sauti ya kinanda ya kunishika, nikaenda nayo, nikamaliza na ubeti wa mwisho ambao toka mwezi wa tatu sijawahi kuumaliza. F, C. Kimya kabisa.

"Amina," mama akaitikia gizani. "Sa washa tochi ya simu, huyo sato anaungua."