Uzee tu huo, shemeji

Alhamisi, usiku

Maneno ya Shemeji Karisa yamenikwama tangu Jumapili, hayapandi hayashuki. Hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa kibarazani na chai yake, hamri mkononi, Bobi, mbwa wetu mzee, amejilaza karibu na miguu yake akijitafuna katikati ya vidole kama afanyavyo siku hizi. Shemeji akamtazama kidogo, akasema, "Uzee tu huo, shemeji. Muache apumzike." Nikamwambia uzee hauwashi. Akasema, "Mbwa ni mbwa," akachovya hamri kwenye mbaazi, na mazungumzo yakahamia bei ya saruji.

Tangu hapo Dama amepata barua yake ya Chuo Kikuu cha Pwani, Baba Dama amebadilishiwa zamu bandarini, na mimi bado niko pale kibarazani namjibu shemeji. Basi nimjibu hapa nimalize.

Uzee hauwashi. Ngozi ya mbwa mzee hukauka, manyoya hufifia, kinga ya mwili hulegea. Hayo ni kweli. Lakini mwasho una mwenyewe, na mwenyewe huyo ana jina: kiroboto, mdudu wa ukurutu, bakteria, fangasi, aleji ya vumbi au ya chakula. Kwa mbwa mwenye ugonjwa sugu mara nyingi hawa huja wawili watatu kwa pamoja, na ukimtibu mmoja ukawaacha wenzake utaapa dawa haifanyi kazi. Bobi ana ugonjwa wa figo, mnajua. Kreatinini yake ya mwisho, kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, ilisoma 210, daraja la pili kati ya manne ya ugonjwa huo. Kwa hiyo kila dawa ya ngozi inayoingia nyumba hii tunauliza kwanza figo zitaipokeaje.

Mahali anapojikuna ni nusu ya jibu. Kiunoni karibu na shina la mkia, shuku viroboto. Kingo za masikio na viwiko, shuku ukurutu: sugua ukingo wa sikio baina ya vidole vyako, na mguu wa nyuma ukianza kupiga wenyewe hewani, mpeleke akakwanguliwe ngozi, na wenye nyumba nao wajiangalie mikono na tumbo kwa sababu mdudu yule huwauma watu pia. Kwapa, tumbo, nyayo na masikio, fikiria aleji, au fangasi aitwaye Malassezia, ambaye huishi kwenye ngozi ya mbwa wengi na huzidi pale ngozi inapodhoofika na kubaki na unyevu. Kwapa za Bobi zilikuwa zimekuwa nyeusi, nene, zenye mafuta na harufu ya kitu kilichochacha, na manyoya ya baina ya vidole yamegeuka rangi ya kutu kwa kulambwa. Daktari alibandika kipande cha selotepu kwapani, akakibandua, akakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini. Fangasi wamejaa, na bakteria pamoja nao. Kipimo kile hakimwumizi mbwa wala hakina gharama kubwa, na huwa nasikitika nikiona watu wananunua chupa ya tatu ya dawa kabla hakijafanywa.

Hata hivyo anza na viroboto, hata kama huwaoni. Chukua kitana cha meno ya karibu, chana kiunoni, kung'utia uchafu kwenye tishu nyeupe iliyoloweshwa. Vichembe vyeusi vikiacha doa jekundu la kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na rangi hiyo ni damu ya mbwa. Huku pwani hatuna baridi ya kuwakatisha, wako mwaka mzima. Jike hutaga hata mayai 40 kwa siku, na hayabaki mwilini: huanguka mkekani, kwenye nyufa za sakafu, kwenye mchanga wa uvulini anapolala mchana. Buu akishajifungia kwenye kifuko chake, dawa ya kupuliza haimfikii. Ndiyo maana wiki kadhaa baada ya kidonge cha viroboto bado unaona wapya, na watu wanasema kidonge ni feki. Si feki, ni wale waliokuwa sakafuni wanaangua. Endelea na dawa, fagia kila siku, fua matandiko kwa maji ya moto. Kidonge cha fluralaner hukaa wiki 12 na hutolewa pamoja na chakula. Cha afoxolaner ni cha kila mwezi. Mbwa aliyewahi kupata kifafa asipewe chochote kati ya hivyo kabla daktari hajasema.

Dawa ya josho la ng'ombe yenye amitrazi naomba iachwe kwa ng'ombe. Hupunguza mapigo ya moyo, humlegeza mbwa, hupandisha sukari ya damu, na mzee mgonjwa hana akiba ya kuhimili hayo, seuze ikipimwa kwa kifuniko cha chupa. Oili chafu ya gereji ndiyo mbaya zaidi. Inachoma ngozi, na kinachobaki mbwa anakilamba chote.

Sasa kuoga, maana hapa ndipo kazi ilipo na ndipo wengi wanapopoteza dawa yao. Shampuu ya Bobi ina klorheksidini asilimia 2 na mikonazoli asilimia 2, ya kwanza kwa bakteria, ya pili kwa fangasi. Ni mara mbili kwa wiki mpaka ngozi itulie, kisha mara moja. Maji yawe ya kawaida ya mtungini. Ya moto huamsha mwasho. Maji ya kisima hapa Bamburi yana chumvi, sabuni haitoi povu na ngozi ikikauka inabaki imekakamaa, kwa hiyo kisima ni cha kumlowesha tu. Kusuuza ni maji matamu ya mkokoteni; kwa mbwa wa kilo 22 mtungi mmoja wa lita 20 na nusu ya mwingine hutosha ukimwagia kwa kata badala ya kumimina. Ukishapaka, anzia kwapani na baina ya vidole, maana huko ndiko ugonjwa uliko, halafu mwili mzima. Kisha subiri dakika 10. Tazama saa, usikisie. Dakika 10 ukiwa umeinama juu ya mbwa aliyelowa ni ndefu, kila mtu hutamani kusuuza baada ya mbili, na dawa iliyosuuzwa baada ya mbili haijamaliza kazi yake.

Kausha kwa kugandamiza taulo, usisugue, na upitishe kitambaa kikavu baina ya kila kidole. Unyevu wa huku hauyaachi manyoya ya ndani yakauke yenyewe, hasa wakati wa masika, na manyoya mabichi usiku kucha ni shamba la fangasi. Kwa hiyo sisi humwogesha saa nne asubuhi, upepo wa bahari uanze kuvuma naye hajalala. Chini ya miguu yake naweka mkeka wa mpira, kwa kuwa nyonga za mzee huteleza kwenye saruji iliyolowa, na akishaanguka mara moja hatakubali tena kuingia uani.

Watu watakwambia mpeleke baharini, maji ya chumvi yanakausha upele. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ngozi iliyochubuka itawaka, na akitoka hapo atajilamba mwili mzima. Kwa mbwa wa figo hilo halifai kabisa.

Iko pia sindano inayopendwa sana, ya steroidi ya muda mrefu. Mbwa huacha kujikuna upesi na kila mtu hufurahi. Kisha anaanza kunywa maji bila kukoma, kukojoa ndani, misuli ya mapaja kupungua. Shinikizo la damu hupanda, protini huvuja zaidi kwenye mkojo, na maambukizi yaliyokuwa kwapani hupata nafasi ya kuenea. Sindano ikishaingia huwezi kuirudisha. Daktari akiona steroidi haina budi, omba vidonge vya prednisolone, dozi ya chini kabisa, asubuhi na chakula, vipunguzwe polepole, wala visichanganywe na diclofenac au ibuprofen, dawa za maumivu ambazo mbwa wa figo hafai kuzigusa hata peke yake. Bobi anatumia oclacitinib, kidonge cha kutuliza mwasho kisicho steroidi, miligramu 0.4 hadi 0.6 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku kwa muda usiozidi siku 14, kisha mara moja. Nayo daktari huichunga: hapewi mbwa mwenye maambukizi makali au saratani. Cetirizine, ile dawa ya aleji tuliyonayo sote kabatini, huwasaidia mbwa wachache, na kwa kuwa hutoka kwa mkojo, figo dhaifu huchelewa kuitoa. Dawa za mafua zenye mchanganyiko zisimkaribie.

Nilikuwa nimefika hapo kichwani jana jioni, nikikunja leso kuukuu anayolalia Bobi, bado namjibu shemeji, na jibu lilikuwa limepata makali. Leso ile ilikuwa ya mama mkwe.

Mwaka wake wa mwisho, ule wa kusafishwa damu, mama mkwe hakulalamika maumivu. Alilalamika kuwashwa. Hapakuwa na upele, ngozi kavu tu, na mwasho wa mgongoni usiompa usingizi. Kila aliyekuja kumwona alisema uzee. Na aliyekuwa akiamka usiku kumkuna kwa kile kitana cha mbao alikuwa Karisa. Baba Dama alikuwa safarini, mimi nilikuwa na Dama mchanga. Karisa ndiye aliyekuwa pale. "Uzee tu huo, shemeji. Muache apumzike." Sasa nikiyarudia nayasikia kwa sauti nyingine, na jibu langu lenye makali sina tena pa kulipeleka.

Kwa binadamu, mwasho wa figo zilizochoka unajulikana vizuri. Kwa mbwa haujathibitika kwa kiasi hicho, na ndiyo sababu daktari mzuri hausemi kwanza. Atamaliza viroboto, ukurutu, fangasi na bakteria, na ngozi ikiwa safi bado mbwa anajikuna, ndipo atageukia aleji, vipimo vya damu, na fosforasi, madini yanayozilemea figo zilizochoka. Fosforasi inanikumbusha dagaa, ambao jirani mmoja mwema hutuletea kwa ajili ya manyoya ya Bobi. Mifupa yao imejaa fosforasi na wamekaushwa kwa chumvi, basi tunashukuru na tunawala wenyewe. Mafuta ya samaki ndiyo yanayomfaa, ngozi na figo vyote, ila matokeo yake huchukua wiki 8 hadi 12. Yasiwe mafuta ya ini la samaki: yale yana vitamini A na D nyingi, na D ikizidi hupandisha kalsiamu, mzigo mwingine kwa figo.

Kola ile ya plastiki ya kumzuia asijilambe tunamvisha usiku tu. Mbwa wa figo lazima anywe maji wakati wowote, na kola hugonga ukingo wa bakuli mpaka anakata tamaa. Bakuli likiwa jembamba kuliko mdomo wa kola, na limeinuliwa juu ya tofali moja, kola inalizunguka na anakunywa bila shida. Kila usiku naandika alama ya mwasho, 0 akiwa hajikuni kabisa, 10 akiwa hawezi kula wala kulala, na pembeni maji aliyokunywa. Yakizidi mililita 100 kwa kila kilo kwa siku moja, napiga simu bila kusubiri asubuhi. Wiki iliyopita alikuwa 7. Leo nimeandika 3, amelala chali, kwapa zimeanza kuwa za waridi, na vinyweleo vipya vinaota kama vumbi. Nimefurahi mno.

Jumapili Karisa atakuja tena. Nitampikia mbaazi nzito kama anavyozipenda, na mafuta ya Bobi nitamwomba anisaidie kuyapima, mkono wake umetulia kuliko wangu.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni mnazi wa nyuma ya jiko. Kusi imeanza kuvuma, nazi kavu zimejaa juu na makuti mawili yanalegea, na chini yake ndipo watoto wa nyumba ya pili wanapochezea kila wakitoka madrasa. Nimewaomba wahamie upande wa mwembe, wanahama, kesho wanarudi. Mkwezi aliahidi Jumatatu, kisha Jumatano. Nimempigia tena saa hizi, mteja hapatikani.