Mshono wa mgongoni: nilivyounda Dreamliner yangu ya kwanza hapa Kigoma

Mshono, yaani mahali pande mbili za ndege zinapoungana, ulijitokeza siku nilipopuliza rangi nyeupe. Kabla ya hapo nilikuwa nimepitisha ukucha mgongoni mwa ndege yangu ya plastiki, modeli ya Boeing 787 Dreamliner ya abiria, sijui mara ngapi, kutoka puani hadi mkiani, nikaridhika kwamba umelala. Rangi ilipokauka niliisogeza dirishani, jua la asubuhi likaipiga kwa ubavu, na mstari ukaonekana: mwembamba kama uzi, umenyooka katikati ya mgongo tangu kioo cha rubani hadi shina la mkia. Nilikaa nikiutazama karibu nusu saa. Wiki tano za kazi zilikuwa pale mezani.

Nauza vifaa vya ujenzi Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini. Msasa, gundi, rangi, utepe wa mafundi rangi, vyote viko rafuni kwangu, na nilidhani nusu ya kazi naijua tayari. Mdogo wangu anasoma Poland. Alipokuwa anarudi likizo akaniuliza aniletee nini, nikamwambia niletee ndege ya kuunda, ya abiria, siyo ya vita. Tangu tukiwa wadogo Ujiji, ndege ikisikika inateremka tulikuwa tunaacha kila kitu tunatoka nje. Zinazotua hapa Kigoma ni zile za mapanga ambazo watu wote wanaziita Bombadia. Dreamliner nimewahi kuiona mara moja tu, Dar es Salaam, nikiwa nyuma ya kioo cha uwanja. Ile ya kwanza ya Air Tanzania iliingia nchini Julai 2018, na mimi bado nakumbuka jinsi bawa lake lilivyopinda kwenda juu kama la mwewe.

Boksi lilitoka Dar kwa basi, kona moja ikafika imebonyea, ila vipande vyote vilikuwa salama. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu zenye vipande vinavyoning'inia kama matunda mtini, kila kimoja na namba yake, vioo kwenye mfuko wake, karatasi ya stika, na kijitabu cha maelekezo ambacho ni michoro mitupu. Nilipovimwaga mezani niliifikiria Liemba. Sisi watu wa Kigoma tumekua na meli iliyokuja namna hiyo hiyo: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makreti yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa huku kwa reli, ikaungwa upya hapa hapa na kuingizwa ziwani Februari 1915. Binti yangu alipouliza kama kweli hivi vipande vitakuwa ndege, nilimwambia ulizia Liemba kwa babu yako.

Ukubwa wa seti yangu ni 1/144, ambao ndio umezoeleka kwa ndege za abiria. Revell ya Ujerumani na Zvezda ya Urusi wote wanatengeneza kwa kipimo hicho. Kwa mtu anayeuza mbao kwa futi na inchi, hesabu yake ni tamu: 144 ni 12 mara 12, kwa hiyo inchi moja ya modeli ni futi 12 za ndege halisi. Dreamliner ya 787-8 ina urefu wa karibu mita 57 na mabawa ya mita 60, hivyo mezani inatoka na sentimita 39 kwa 42. Binti yangu akataka kujua abiria angekuwa na kimo gani. Tukapiga hesabu: mtu wa sentimita 170 anabaki na milimita 12 hivi. Akaenda jikoni akaleta punje ya karanga, akaisimamisha karibu na mlango wa ndege.

Kuosha fremu kwa sabuni ya maji na mswaki ni lazima, kwa sababu plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu na rangi haishiki juu ya mafuta. Kukata nilitumia kikatio cha kucha, mara mbili kwa kila kipande: kwanza mbali, kisha karibu, halafu msasa. Ukikata mara moja karibu kabisa plastiki inang'oka na kuacha shimo jeupe.

Gundi ndiyo iliyonifunza adabu. Gundi ya modeli haibandiki kama supagluu. Inayeyusha kingo za plastiki, na kingo mbili zilizoyeyuka zinakuwa kitu kimoja. Kichupa kilikuja na mdogo wangu, lakini kwa kuwa supagluu ninayo dukani katoni nzima, niliitumia kwenye kioo cha mbele cha marubani ili niokoe ile ya kigeni. Nikafunika ndege kwa bakuli vumbi lisiingie, nikalala. Asubuhi kioo kilikuwa cheupe kama kimepuliziwa pumzi na pumzi ikaganda. Mvuke wa supagluu unatua kwenye plastiki angavu na kugandia pale pale, na bakuli langu lilikuwa limeufungia ndani usiku kucha. Nilikibandua taratibu kwa wembe, nikakisugua kwa msasa namba 2000 uliolowa maji, ndani na nje, kisha dawa ya meno nyeupe kwa kitambaa cha pamba, duara ndogo ndogo, jioni mbili. Kilirudi. Sasa vioo nabandika kwa gundi nyeupe ya mbao, inayokauka ikiwa angavu na haitoi mvuke wa kuharibu kitu.

Kabla ya kufunga pande mbili za kiwiliwili kuna uzito wa pua. Nyuma ya magurudumu makuu kuna plastiki nyingi kuliko mbele, na ndege isiyotiwa uzito itakalia mkia kila ukiiweka mezani. Nilikwenda Kibirizi kwa rafiki yangu anayevua, akanipa risasi tano za wavu, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Nikazibana pande mbili pamoja kwa utepe bila gundi, nikaweka penseli chini pale magurudumu makuu yatakapokaa, nikawa naongeza risasi moja moja juu ya pua mpaka ikainama yenyewe. Zilitosha tatu, na nikaongeza ya nne kwa sababu mabawa ya nyuma na mkia vilikuwa havijawekwa. Nilizishika kwa gundi ya machupa mawili. Risasi usiitie gundi nyeupe ya mbao: huivimbisha pole pole, na ipo siku pua itapasuka. Na unawe mikono, risasi ni sumu.

Sasa narudi kwenye mshono.

Kiwiliwili cha modeli ni maganda mawili, la kushoto na la kulia, yanayokutana mgongoni na tumboni. Ndege halisi haina mstari huo. Boeing wanaviunda vipande vya kiwiliwili cha 787 kama mapipa kamili, kwa kuzungushia tepu za nyuzi za kaboni. Mapipa hayo yanatoka Japani, Italia na Marekani, na mengi husafirishwa ndani ya 747 iliyotanuliwa tumbo inayoitwa Dreamlifter. Viungo vyake vinazunguka mwili kama pete. Liemba ina ribiti zake na mishono yake inaonekana, nayo ndiyo sura yake. Ndege ya vita ina madoa ya kijani na kahawia, kosa linajificha humo. Ndege ya abiria ni nyeupe, laini, ndefu, haina pa kufichia chochote. Mstari mmoja mgongoni unasema hii ni plastiki, basi.

Mara ya kwanza nilijaza kwa puti ya gari. Ilikauka vizuri, nikapiga msasa, nikaona pamelingana. Tatizo ni kwamba puti na plastiki havilainiki sawa. Msasa unakula kimoja kwa kasi kuliko kingine, kwa hiyo kidole kinahisi tambarare wakati pana ukingo mdogo kabisa, na rangi nyeupe inayong'aa inauonyesha. Nilimpelekea ndege mzee mmoja anayepiga rangi magari kwenye gereji ya jirani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

“Mwanangu, kidole kinadanganya,” akasema. “Gari tunapuliza nyeusi kwanza.”

“Nyeusi? Mimi naitaka nyeupe, mzee.”

“Puliza kwa mbali, ukungu tu. Halafu msasa wa maji. Weusi ukiondoka pote, pamelingana. Ukibaki mahali, hapo ndipo pana shimo. Usibishane nao.”

Nikarudi nyumbani nikaanza upya. Puti niliikwangua yote. Badala yake nilikatakata vijiti vya fremu vilivyobaki, nikavitia kwenye kichupa cha rangi ya kucha kilichooshwa, nikamimina asetoni ya kuondolea rangi ya kucha niliyopewa na dada wa saluni. Kufikia asubuhi ulikuwa uji mzito wa kijivu. Huo ni plastiki ile ile ya ndege, kwa hiyo ukikauka unaliwa na msasa sawasawa na mwili wenyewe. Unapakwa mwembamba kwa ncha ya kijiti cha meno, maana ukiwa mnene asetoni inalainisha ganda na kulifanya libonyee. Nikaacha siku nne. Msasa 400, kisha 800, kisha 1500, vyote kwa maji, nikisugua kwa kuvuka mshono, si kuufuata. Kisha ukungu mweusi wa mzee, msasa tena. Mara ya kwanza weusi ulibaki sehemu sita. Mara ya pili mbili. Mara ya tatu ulibaki kama nukta nyuma ya kioo cha rubani, nikaujaza huo mmoja. Mara ya nne maji yaliyotiririka kwenye beseni yalikuwa safi, na mgongo wote ulikuwa wa kijivu kimoja.

Rangi nyeupe nayo ina masharti yake, hasa kwetu. Nilipuliza safu ya pili jioni moja ya Machi, mvua ikiwa inakaribia, na gamba zima likapoteza mng'ao, likawa kama ukuta wa chokaa. Rangi hizi za kopo zinapokauka zinapoa, na hewa yenye unyevu inaacha maji juu yake kabla hazijafunga. Tangu hapo naangalia ng'ambo ya ziwa kwanza. Milima ya Kongo ikiwa wazi asubuhi, napuliza. Ikiwa imefunikwa na wingu, kopo linabaki kabatini. Kopo nalilowesha dakika tano kwenye maji ya vuguvugu ili litoe ukungu laini, najaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, na safu za mwanzo zinakuwa nyepesi sana, kwa sababu rangi ya gari ikimwagwa nzito inaweza kuichoma plastiki. Safu tano, siku tatu.

Injini zilinipa raha kuliko kitu chochote. Ukingo wa nyuma wa injini za 787 una meno kama ya msumeno, ambayo kwenye ndege halisi yanapunguza kelele, na kwenye modeli kila jino ni dogo sana. Niliyasafisha kwa sindano, jino baada ya jino, redio ikiwa imewashwa, na sikutaka kuharakisha.

Stika ni za maji. Zinataka mwili unaong'aa chini yake, la sivyo hewa inanaswa na kuacha weupe wa kifedha. Sekunde 20 au 30 kwenye maji ya vuguvugu, usubiri iteleze yenyewe kwenye karatasi, uisukume hadi mahali pake kwa brashi iliyolowa. Pale inapopita kwenye mviringo, tone la siki nyeupe linailainisha ilale. Safu ya madirisha ya upande wa kulia aliiweka binti yangu. Vidole vyake ni vyembamba kuliko vyangu na hatetemeki. Ya kushoto niliweka mimi, na yake imenyooka zaidi.

Sasa ndege iko juu ya kabati la sebuleni, imesimama kwa magurudumu yote, pua chini kama inavyotakiwa. Ukiielekeza dirishani asubuhi, mgongo unapokea jua kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika.

Mkia bado mweupe. Stika za boksi zilikuwa za rangi za kiwanda, na mimi nataka twiga, yule wa nembo ya Air Tanzania. Nimeshamchora kwenye vijiko kumi na moja kwa brashi namba sifuri. Shingo naipata. Masikio bado, yanatoka makubwa kama ya punda. Binti yangu anasema kijiko cha tisa kinafaa. Mimi nimemwomba anisubiri hadi mvua ziishe.