Klasi ipo, Java inasema haipo

Tunatengeneza mfumo wa mikopo wa SACCO moja ya wafanyabiashara wa Arua, mji niliozaliwa. Timu yetu ni ndogo, tuko Ntinda hapa Kampala, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha: mimi wa West Nile, dada mmoja wa Bunia, na kijana wa Kisumu. Mradi tunauandika kwa lugha ya Java, na tumeugawa moduli nne, yaani sehemu zinazojitegemea: wanachama, akiba, riba na mikopo, kila moja na faili lake la module-info.java linalosema inahitaji nini na inawafungulia wengine nini. Mpango huo wa moduli uliingia kwenye Java toleo la 9, mwaka 2017. Sisi tunatumia Java 11.

Jumatatu nilimaliza kuhamishia hesabu za riba kwenye moduli yake. Ndani ya kihariri cha msimbo, majaribio yote 23 yanayoukagua yalipita. Nikaendesha mvn test kwenye terminali, amri ya Maven, zana inayojenga mradi wetu, yote 23 yakaanguka. Skrini ikajaa mstari uleule: NoClassDefFoundError: Could not initialize class, kisha jina la klasi yetu, yaani kipande kimoja cha msimbo, Viwango.

Niliposoma "NoClassDef" tu, nikaamini klasi imepotea. Nikafuta hazina ya maktaba ambazo Maven imeshapakua, kwenye ~/.m2, ikaanza kupakua kila kitu upya, bando la siku likaisha kabla ya chakula cha mchana. Nikapekua mvn dependency:tree, orodha ya maktaba tunazotegemea. Ndani ya module-info.java nikaongeza requires (inachohitaji), nikaongeza exports (inachowapa wengine). Wapi! Jioni umeme ukakatika. Kuna aliyeshauri tuweke -DskipTests, majaribio yarukwe, toleo liende tu. Nilikataa. Hesabu ile ndiyo inayomwambia mama muuza mihogo sokoni alipe kiasi gani kila mwezi, na hela yake si ya kujaribiwa.

Jumanne nikaiambia Java iandike kila klasi inayopakia, tena kwenye faili la pembeni, maana ikiandika kwenye skrini inavuruga mawasiliano ya Surefire, kile kipande cha Maven kinachoendesha majaribio:

mvn test -DargLine="-Xlog:class+load:file=klasi.txt"

Nikaitafuta Viwango ndani ya klasi.txt. Ipo! Imepakiwa, na njia yake hadi target/classes imeandikwa. Nilikaa nikiukodolea macho mstari ule.

Dada wa Bunia akavuta kiti. "Kaka, unasikiliza kilio cha mwisho. Nani alilia wa kwanza?"

Tukapanda juu kabisa ya matokeo. Jaribio la kwanza halikuwa na NoClassDefFoundError hata kidogo, lilikuwa na ExceptionInInitializerError. Surefire ya toleo letu hukata maelezo marefu, kwa hiyo tukaongeza -DtrimStackTrace=false, na chini yake kikatokea chanzo: NullPointerException: inStream parameter is null, yaani kilichotakiwa kusomwa hakikupatikana.

Ilikuwa hivi. Viwango ina kipande cha static, kinachoendeshwa mara moja klasi inapoandaliwa, ambacho husoma faili la riba.properties. Usomaji ukishindikana, klasi inahesabiwa mbovu, na Java haijaribu tena kuiandaa. Anayeigusa wa kwanza anaambiwa sababu. Wale 22 waliofuata wanapewa NoClassDefFoundError tu. Ni tofauti na ClassNotFoundException, ambayo hutokea klasi ikitafutwa kwa jina na isionekane.

Na faili lilikuwepo, kando ya klasi yenyewe. Ila nilikuwa nalisoma kupitia ClassLoader, kile chombo cha Java kinachopakia klasi, na ndani ya moduli ClassLoader haioni faili lililo kwenye kifurushi (kundi la klasi) ambacho hakijafunguliwa kwa wote, hata kama anayeuliza ni wa moduli hiyohiyo. Kihariri changu kilikuwa kinaendesha majaribio kwa njia ya zamani ya classpath, isiyo na ukuta huo. Maven ilipoona module-info.java ilitumia njia ya moduli.

Ningeweza kuandika opens kwenye module-info.java, lakini sikutaka kufungua kifurushi cha riba kwa kila mtu kwa ajili ya faili moja. Nikabadilisha mstari mmoja:

Viwango.class.getResourceAsStream("riba.properties")

Ukiuliza kupitia klasi ya moduli yenyewe, unaruhusiwa. Majaribio 23, yote yakapita. Kijana wa Kisumu akazunguka kompyuta zetu tatu, akiweka vihariri vyote vitumie njia ya moduli.

Alasiri tukatuma toleo Arua. Mweka hazina akaingiza mkopo wa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, akanisomea kwenye simu riba ya mwezi wa kwanza: 20,000.