Njia ya kwenda kwenye mawe yanayotembea

Jamani, kama uko California na unataka kwenda Racetrack, lile ziwa lililokauka lenye mawe yanayosogea, kule jangwa la Death Valley, usiende na gari dogo la kukodi. Lami inaishia Ubehebe Crater, halafu ni kilomita 43 hivi za vumbi na rasta zisizoisha, hadi meno yanagongana. Kokoto zake zina makali, zinachana tairi ubavuni. Tulipunguza upepo kidogo, tukabeba spea mbili na maji tele, maana mtandao huko hakuna kabisa. Njiani kuna Teakettle Junction, kibao kilichojaa mabirika ya wasafiri. Shemeji alitaka kutundika la kwetu. Nikamuuliza, chai tutachemshia wapi?

Mawe yenyewe ndiyo yaliyonimaliza! Yameacha michirizi mirefu kwenye tope lililokauka. Watu walikisia miaka na miaka, hadi watafiti walipoyashuhudia yakisogea, wakatangaza mwaka 2014: maji yakitwama huko, usiku wa baridi huganda barafu nyembamba, jua likipanda inavunjika, na upepo mwepesi tu unaisukuma pamoja na mawe.

Tope likiwa bichi usilikanyage. Nyayo hubaki miaka.