Nimekuita kwa Jina Lako

"Usiogope, maana nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." (Isaya 43:1)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili lote nimekuwa nikiiwaza picha moja iliyochorwa Urusi mwaka 1789. Ni ya binti wa miaka kumi na sita hivi, mcheza baleti, amevaa mavazi yake ya jukwaani. Anaitwa Tatiana Shlykova. Aliyemchora ni Nikolai Argunov, fundi ambaye kazi zake zinatunzwa katika majumba ya makumbusho mpaka leo. Lakini siku aliyoketi mbele yake ili achorwe, mchoraji na mchorwaji wote wawili walikuwa mali ya nyumba moja, nyumba ya makabaila wa ukoo wa Sheremetev.

Wakulima wengi wa Urusi ya wakati ule walifungwa kwenye ardhi ya bwana. Bwana aliweza kuwahamisha, kuwaozesha, kuwachapa, hata kuwauza. Walikuwa wamebatizwa kama yeye, wakibusu msalaba uleule, wakifunga Kwaresima ileile. Nyumba ya Sheremetev ilimiliki zaidi ya watu laki moja wa namna hiyo. Mabwana wenye uwezo mkubwa walichagua watoto wenye sauti nzuri au viungo vyepesi, wakawaondoa kwa wazazi wao na kuwafundisha kuimba na kucheza, ili nyumba iwe na kundi lake la maonyesho. Tatiana, binti wa fundi wa silaha aliyeitwa Vasili, alichukuliwa akiwa na miaka saba hivi. Akafundishwa dansi, muziki, Kifaransa na Kiitaliano. Akapewa na jina jipya.

Hapo kwenye jina ndipo nilipokwama, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kabaila Nikolai Sheremetev aliwapa wasanii wake wa kike majina ya vito. Mwimbaji mkuu, Praskovia, binti wa mhunzi, akaitwa Zhemchugova, yaani wa lulu. Wengine wakawa Yakhontova, Izumrudova, Biryuzova. Mtu wa Kiswahili akitega sikio atayatambua majina hayo, maana maneno yenyewe yalifika Urusi kutoka Mashariki, kulekule yalikotoka ya kwetu: yakuti, zumaridi, feruzi. Tatiana akaitwa Granatova, kutokana na jiwe jekundu la thamani lenye rangi ya punje za komamanga. Kirusi kina neno moja kwa vyote viwili, jiwe na tunda.

Majina mazuri, mtu atasema. Ni mazuri kweli. Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunapaswa kuyasikia kwa uchungu zaidi kuliko wengine, kwa sababu mabwana wa huku nao walifanya vivyo hivyo. Mtu aliyetekwa bara, aliyepewa jina na bibi yake au kwa mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa, alifika Unguja akaitwa Almasi, Marijani, Feruzi. Leo majina hayo yamekuwa ya heshima katika familia nyingi, na ni haki yao kuyapenda. Lakini mwanzo wake kwa wengi ulikuwa ni huo: mtu amenunuliwa, na aliyemnunua anamwita kwa jina la kitu chake cha thamani. Kito hakipigiwi kelele, kinafutwa vumbi. Ila kito hakiulizwi kama kinataka kuvaliwa.

Babeli walifanya hivyo pia. Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria walipofikishwa kwa mfalme, jambo la mapema kabisa walilotendewa lilikuwa kubadilishiwa majina (Danieli 1:7). Na zaburi ya uhamishoni inatupa sauti ya watumwa walioagizwa kuburudisha: "Maana huko waliotuchukua mateka walitaka tuwaimbie, na waliotuonea walitaka furaha" (Zaburi 137:3). Nimeisoma aya hiyo mara nyingi kama habari ya kwaya iliyokataa kuimba. Baada ya kusoma maisha ya Tatiana, naisikia kwa upande wa wale wasioweza kukataa. Waliotuonea walitaka furaha! Anayekumiliki haridhiki na mikono yako. Anataka na tabasamu.

Kule Kuskovo, karibu na Moscow, mwaka 1787 Malkia Catherine mwenyewe alifika kutazama kundi lile. Baadaye kabaila akajenga jumba jingine Ostankino, karibu lote kwa mbao, na waliolijenga na kulipamba wengi wao walikuwa mafundi wake wa kumilikiwa. Ukumbi wake ulikuwa wa ajabu: sakafu ya maonyesho iliweza kugeuzwa kuwa ukumbi wa karamu, na darini palikuwa na mitambo ya kutoa sauti ya radi, upepo na mvua. Mitambo hiyo bado ipo. Tatiana alicheza humo pia. Siwezi kusema moyo wake ulikuwa na nini alipoinua mikono yake jukwaani. Naamini furaha ya kweli ilikuwemo, kwa sababu kipaji hutoka kwa Mungu, na Mungu hamwombi bwana yeyote ruhusa ili mtu wake afurahi. Ila dansi ya mtu huru ni nyingine. Miriamu alitwaa tari na wanawake wote wakatoka nyuma yake wakicheza baada ya bahari kuwafunika farasi wa Farao (Kutoka 15:20). Neno halitaji dansi yao upande ule mwingine wa bahari.

Praskovia na Tatiana walikuwa marafiki wa chanda na pete. Kabaila alimpenda Praskovia, akamwandikia uhuru mwaka 1798, na tarehe 6 Novemba 1801 wakafunga ndoa Moscow kwa siri, maana kabaila kumwoa binti wa mhunzi ilikuwa aibu kubwa kwa watu wa tabaka lake. Tatiana alikuwa mmoja wa wachache mno waliokuwapo kanisani. Februari 1803 Praskovia, ambaye mapafu yake yalikuwa yameshaliwa na kifua kikuu, alijifungua mtoto wa kiume, Dmitri. Siku ishirini baadaye akafa. Wakubwa wengi wa Saint Petersburg hawakuhudhuria maziko.

Mwaka huohuo Tatiana alipewa karatasi yake ya uhuru. Alikuwa na miaka thelathini hivi.

Wapendwa, tumekaa na jina. Sasa tukae na uhuru huu. Angeweza kuondoka. Alikuwa na lugha, alikuwa na elimu, alikuwa na sifa. Hakuna mtu angemlaumu kama angeufunga mlango wa nyumba ile na asigeuke nyuma tena. Yeye alibaki katika jumba la Sheremetev kando ya mto Fontanka, mjini Saint Petersburg, na kichanga cha rafiki yake. Mwaka 1809 kabaila naye akafa, mtoto akiwa hajatimiza miaka sita. Mtoto huyo alirithi mali isiyohesabika, akawekewa walezi wa kisheria, na mama wa Tsar, yaani mfalme wa Urusi, akawa msimamizi juu yao. Lakini usiku mtoto halali na wasimamizi. Aliyemlea, aliyemweleza mama yake alikuwa nani, ni Tatiana.

Kuna namna ya kuisimulia habari hii ambayo siipendi, nami nataka niseme wazi. Ni ile ya mtumwa mwema aliyeipenda nyumba ya bwana wake hata akasahau minyororo. Wahubiri tumeitumia vibaya sana simulizi ya namna hiyo, tukawaambia walioonewa kwamba utakatifu ni kunyamaza. Haikuwa hivyo hapa. Tatiana hakubaki kwa sababu utumwa ulikuwa mzuri. Alibaki baada ya utumwa kwisha, kwa ajili ya mtoto wa mtu aliyempenda. Siku kabla ya karatasi ile, huduma yake ilikuwa deni ambalo hakulikopa. Siku baada yake, ilikuwa zawadi. Kazi za mikono zingeweza kuwa zilezile, kuogesha, kulisha, kusubiri homa ishuke, lakini mbinguni hazikuandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Mtume Paulo anasema: "Maana ninyi, ndugu, mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo" (Wagalatia 5:13). Angalia mpangilio wa maneno yake. Uhuru umetangulia. Hakuwaambia Wagalatia watumikiane ili labda siku moja waachiliwe. Aliwaambia: mmeachiliwa, sasa mna kitu cha kutoa. Mtu asiye wake mwenyewe hana namna ya kujitoa.

Mimi nililelewa na mama mdogo. Mama yangu alipofariki, yeye alikuwa msichana ambaye hajaolewa, na watu wa nyumbani walimwambia waziwazi kwamba mtoto angempunguzia bahati. Waswahili tunasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, tena tunasema kwa urahisi, huku tumekaa. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba kulikuwa na asubuhi moja ambapo alikuwa huru kabisa kukataa, na hakuna aliyemshika mkono. Sikumshukuru ipasavyo kwa asubuhi ile. Labda wewe unayesoma una mtu kama huyo, shangazi, bibi, dada mkubwa, jirani tu. Kama yu hai, mpigie simu leo, hata kabla ya kumaliza kusoma. Tafakari itakungoja.

Nirudi kwenye mawe.

Katika Kutoka 28 Mungu anamwagiza Musa atengeneze kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu. Kifuko hicho kina mawe kumi na mawili: akiki imo, zumaridi imo, yakuti samawi, almasi. Kila jiwe limechorwa jina la kabila moja la Israeli, kama muhuri unavyochorwa. Haruni anapoingia patakatifu anayachukua majina hayo "juu ya moyo wake" mbele za Bwana. Nimeifahamu aya hiyo tangu shule ya Jumapili, lakini sikuwahi kuiona hivi: kabaila alichukua watu akawaandika majina ya mawe, Mungu akachukua mawe akayaandika majina ya watu. Kwa kabaila, binti alikuwa mmoja wa shanga za taji lake. Kwa Bwana, jiwe lenyewe, hata liwe almasi, kazi yake ni kubeba jina la Rubeni, la Lawi, la Benyamini, lisipotee njiani kuelekea madhabahuni. Na waliobebwa hivyo walikuwa watumwa waliotoka Misri juzijuzi, ambao Farao aliwajua kwa hesabu ya matofali tu.

Mabwana wa Urusi nao walihesabu. Mwaka 1806 serikali ilinunua kundi zima la maonyesho la bwana mmoja aliyeitwa Stolypin, watu 74, kwa rubo 32,000. Gawanya mwenyewe uone mtu mmoja alikuwa rubo ngapi.

Tatiana aliishi muda mrefu sana. Dmitri alikua, akaoa, akazaa, na mwaka 1844 akazaliwa Sergei, mjukuu wa Praskovia, naye akamkuta mama huyu mzee bado yumo nyumbani. Mwaka 1861 Tsar Alexander wa Pili alitia sahihi amri ya kuukomesha umiliki ule wa watu katika Urusi nzima. Tatiana alikuwa hai kuiona siku hiyo, miaka hamsini na minane baada ya karatasi yake mwenyewe. Alikufa mwaka 1863, akiwa na karibu miaka tisini.

Sergei alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu kidogo juu yake, kikachapwa Saint Petersburg mwaka 1889. Ili muelewe uzito wa jalada lake, niwaeleze jambo moja la Kirusi. Mtu huwa na jina lake, kisha jina la baba, kisha la ukoo. Kumwita mtu mzima kwa jina lake pamoja na la baba yake ni heshima, kama sisi tunavyoanza na Mzee au Mama. Mtu wa kumilikiwa bwana wake alimwita kwa jina la kukatiza, kama mtoto.

Kwenye jalada, mjukuu wa yule kabaila hakuandika Granatova. Aliandika Tatiana, jina la ubatizo, ambalo ni la shahidi wa Kanisa la kale, kisha Vasilyevna, binti wa Vasili, yule fundi wa silaha aliyeondolewa mtoto wake wa miaka saba, kisha Shlykova.