Siku moja na mimi Kairo: natafsiri piramidi kwa Kiswahili

Saa 10 na nusu alfajiri

Naamka, natawadha kwa maji ya baridi maana hita yetu imekufa zamani na mwenye nyumba kila ukimkumbusha anakwambia bukra inshaallah, yaani kesho, basi ndo Kairo hiyo. Naishi Nasr City na wenzangu wawili, sote wanafunzi wa Al-Azhar, mi kwetu Tanga. Siku ambazo sina darsa nafanya ukalimani. Wageni wa Afrika Mashariki wanakuja, wengi wametoka Umra wanapitia Misri siku tatu nne kabla ya kurudi, mwongozaji mwenye leseni ni Ustadh mmoja wa Kimisri anayezijua hizi piramidi mpaka basi, yeye anamwaga Kiarabu mi namwaga Kiswahili.

Chai, mkate wa baladi na fuul (maharage ya Kimisri), natoka.

Saa 12 na nusu asubuhi

Hotelini shikamoo zinaanzia mlangoni. Leo kuna bibi mmoja wa Tanga, hatujamaliza salamu keshagundua kwamba anamjua shangazi yangu, kwa hiyo hapohapo nimegeuka mjukuu, kubeba mkoba ni juu yangu. Kuna mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Mombasa, kuna mzee wa Mwanza wa biashara ya samaki, na mjukuu wa bibi, kijana wa vidio fupi fupi, ambaye gari halijawashwa kashaniuliza, "Bro, si zilijengwa na eliens hizi?" Mzee wa Mwanza akamkatiza, eliens wapi, ni watu wa Adi hao, walikuwa warefu kama minazi. Wa siti ya nyuma akasema majini ya Nabii Suleiman.

Kila kikundi naanza na hayo matatu: viumbe wa sayari nyingine, watu wa Adi, majini. Watu wako tayari kumpa sifa yeyote yule isipokuwa fundi aliyeshika patasi, na hii inanikera kuliko hita.

Saa 2 asubuhi, Sakkara

Ustadh hapendi kuanzia Giza, anasema ukianzia kwa ile kubwa utadhani ilidondoka kutoka juu, kwa hiyo tunaanza Sakkara ambako mambo ndo yalianzia. Piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, nasaba ya 3, yaani ukoo wa tatu wa wafalme, kama miaka 4,650 iliyopita, urefu wake mita 62 hivi. Msimamizi anayetajwa ni Imhotep, jina lake limekutwa limechongwa kwenye kitako cha sanamu ya mfalme mwenyewe, na baadae sana Wamisri walikuja kumfanya mungu wa uganga.

Ninachokipenda hapa ni kwamba unaona kabisa jinsi mawazo yalivyokuwa yanabadilika kazi ikiendelea. Mwanzo ilikuwa kaburi la kawaida la bapa, wakaliongeza kwa pembeni, kisha mtu akasema tuweke jingine dogo juu yake, zikafika ngazi nne, wakaona bado, wakatanua tena zikawa sita. Kabla ya hapo wafalme walizikwa chini ya majengo ya tofali za udongo. Mwalimu akasema hii ni nyumba ya mtu anayejenga huku anasubiri mshahara, Ustadh nilipomtafsiria akacheka sana.

Halafu tukashuka kwa Unas. Kwa nje piramidi yake imeporomoka imebaki kama kifusi cha kokoto, wageni wengi wanaipita wala hawaipigi picha, lakini ukiinama ukapita kile kinjia ukaibukia ndani, aisee. Kuta zote zimejaa maandishi yamechongwa kwa safu za wima na kupakwa rangi ya buluu, na dari imejaa nyota, nyota, nyota. Haya ndo maandiko ya zamani kuliko yote ya ndani ya piramidi, mwisho wa nasaba ya 5, kama mwaka 2350 kabla ya Kristo, na msomi wa Kifaransa Gaston Maspero ndo alianza kuyanakili mwaka 1881. Ni maneno ya kumsindikiza mfalme. Anaambiwa hakuondoka akiwa maiti, kaondoka akiwa hai, anapandishwa mbinguni mara kwa ngazi mara kwa mabawa mara kwa moshi wa ubani, kuna matamko ya kufukuza nyoka, na kuna sehemu moja mfalme anawala miungu wenyewe ili apate nguvu zao. Hapo bibi alivuta uradi akasema astaghfirullah, akanibana mkono, "Mwanangu, tafsiri polepole hayo, usije ukayasoma kama dua."

Ustadh akaeleza habari ya nyota na mi nikaiongezea kidogo ya kwetu. Sisi wa Tanga na Mombasa karibu kila nyota inachomoza na kuzama, baharini ndo tulivyozoea. Ila ukiwa juu huku, upande wa kaskazini kuna nyota zinazunguka usiku kucha na hazizami kamwe. Wamisri waliziona hizo ndo zisizokufa, na mfalme akifa alitakiwa aende kuwa mmoja wao, ndo maana kwenye piramidi nyingi za zamani mlango na njia yake vinaelekea kaskazini. Mzee wa Mwanza akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo hili shimo si la kuingilia, ni la kutokea." Nimetafsiri sana pale ndani na sijapata mgeni aliyeiweka vizuri kuliko huyu mzee.

Saa 4, barabarani

Garini kijana karudi na eliens wake. Ustadh akamwonyesha kwa dirisha upande wa kusini, kule Dahshur, akasema kule kuna piramidi ya Sneferu, babake Khufu mwenye ile kubwa ya Giza, ilianza na mwinuko mkali wa nyuzi kama 54, katikati ya kazi jengo likaanza kuwasumbua, wakapunguza mpaka 43, mpaka leo imepinda mgongo. Kisha huyohuyo Sneferu akajenga nyingine jirani, ile Nyekundu, akaanza na mwinuko mdogo tangu chini na hiyo ikanyooka. Kijana akajaribu, "Labda eliens walikuwa wanafunzi," gari zima kicheko, basi nikamwacha.

Saa 5, Giza

Siku hizi unaingilia geti jipya la upande wa barabara ya Fayoum, mnapanda basi za umeme. Jamaa wa ngamia bado wapo, usimwangalie ngamia machoni maana utakuwa ushamkodi.

Piramidi ya Khufu kila upande chini ni mita 230 hivi, ilikuwa na urefu wa kama mita 146 sasa imebaki kama 138, maana ile ganda yake ya mawe meupe laini ilibanduliwa, na mawe mengi yakaenda kujengea Kairo ya kina sultani. Mawe yanakadiriwa milioni 2.3. Mwalimu akatoa simu. Akachukua ile miaka 20 aliyoiandika Herodotus, mwandishi wa Kigiriki wa kale, akagawa, akapata mawe kama 315 kwa siku kila siku ya Mungu, kwa saa kumi za kazi ni jiwe moja karibu kila dakika mbili. Akaangalia ile simu, akaangalia juu, akagawa tena.

Bibi alikataa kuingia ndani. "Nikaingie kaburini kabla siku yangu haijafika, kwa tiketi?" Tukamwacha kivulini na soda yake.

Ndani ni joto, unapanda umeinama, mgongo unalia, ghafla unatokea kwenye ule ukumbi wa kupandia wenye urefu wa mita 8 na zaidi, kuta zinakuja ndani kidogo kidogo mpaka zinakaribia kukutana juu. Mwisho wake chumba cha mfalme, chote granaiti nyekundu ya Aswan, zaidi ya kilomita 800 kwa mto Nile, na darini mihimili tisa, mizito kwa makumi ya tani. Jeneza la jiwe halina kifuniko, kona imemegeka, na ni pana kuliko njia ya kuingilia, maana yake liliwekwa pale kabla chumba hakijafunikwa. Maandishi ya dini hakuna hata moja. Kijana alishangaa, nikamwambia yale ya Unas yalikuja zaidi ya miaka 200 baadae. Ila juu ya dari hii kuna vyumba vitano vya kupunguzia uzito, na humo wafanyakazi waliacha rangi nyekundu zilizotaja majina ya magenge yao pamoja na jina la mfalme. Genge moja ni kama "marafiki wa Khufu", na kwenye piramidi ya Menkaure, mfalme wa baadae hapahapa Giza, kuna waliojiita "walevi wa Menkaure". Majini hayajiiti hivyo bwana.

Tukatoka tumelowa jasho, tukamfuata bibi, tukazunguka upande wa mashariki. Hapa watalii wengi hawaji. Kumebaki sakafu ya mawe meusi ya basalti, ndo palikuwa na hekalu la kumhudumia marehemu, na kutoka hapo ilishuka njia ndefu mpaka bondeni kwenye maji. Imani yao ni kwamba mtu ana ka, ile nguvu ya uhai wake, na ka lazima ile, sio mara moja tu, kila siku. Kwa hiyo mfalme alitengewa mashamba na vijiji vizima, na makuhani walipokezana zamu kuleta mikate, bia, nyama na kufukiza ubani. Bibi akauliza swali ambalo wasomi huwa hawaniulizi: "Na hicho chakula, marehemu akishamaliza kutokukila, nani anakula?" Ustadh akasema makuhani na watu wao. Bibi akapiga kofi moja, "Eeh! Hitima hiyo. Marehemu anasomewa, pilau tunakula sisi."

Mi naona kama hujaielewa hiyo sakafu nyeusi hujaielewa piramidi. Lile jengo lilikuwa chombo cha kumpandisha mtu mmoja juu kwenye jua na nyota, sawa, lakini waliamini yeye akifika salama ndo mto utajaa kwa wakati wake na nchi itakaa sawa, na huku chini mashamba, mashua, bakeri na mishahara ya nchi nzima vilizunguka hapohapo. Kazi na ibada havikutengana. Aliyekuwa anavuta jiwe hakuwa anavuta jiwe tupu.

Saa 7 mchana

Koshari, wali na dengu na tambi sahani moja. Wakati wa kula ndo stori tamu, na yangu ni ya Merer. Mwaka 2013 mwanaakiolojia wa Kifaransa Pierre Tallet na wenzake walikuta Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, vipande vya mafunjo vyenye maandishi ya enzi za Khufu mwenyewe, mwaka wa 26 au 27 wa utawala wake. Ni kumbukumbu za kazi. Merer alikuwa mkaguzi wa kikosi cha mabaharia kama 40, kazi yao kupakia mawe meupe machimbo ya Tura ng'ambo ya mto, kuyaleta Giza, kulala, kurudi, safari mbili tatu kila siku kumi. Anamtaja hadi bosi wa mradi, Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa baba. Na kuna hesabu za mikate na bia.

Mzee wa Mwanza akajisifu, basi maji yetu ya ziwani ndo yaliyobeba mawe. Ikabidi nimuumize kidogo, babu samahani, mto ulikuwa unafurika kwa mvua za milima ya Ethiopia, ya ziwani kwetu yanatiririka tu mwaka mzima. Hakufurahi. Akaagiza chai.

Mwalimu akauliza kuhusu watumwa. Kusini ya Sphinx, lile sanamu la simba mwenye kichwa cha mtu, umefukuliwa mji wa wafanyakazi, kuna bakeri, kuna mifupa ya ng'ombe na mbuzi mingi ajabu, na makaburi yao yalianza kuonekana mwaka 1990 farasi alipojikwaa kwenye ukuta wa tofali. Kwenye mifupa ya watu kuna iliyovunjika ikaungwa vizuri, yaani walitibiwa, na wamezikwa kwa heshima karibu na piramidi ya bosi wao. Haina maana kwamba ilikuwa raha, migongo yao inaonyesha imebeba, na kukataa zamu ya mfalme sidhani kama kulikuwa na mlango wa kukatalia. Lakini sokoni hawakununuliwa.

Saa 9, jumba kubwa la makumbusho

Limezinduliwa rasmi Novemba 2025, na mi hapa nawaleta kwa ajili ya mashua tu. Ilikutwa 1954 imezikwa pembeni ya piramidi ya Khufu, imefunguliwa vipande 1,224, mwerezi wa Lebanon, fundi wa Kimisri Ahmed Youssef akatumia miaka mingi kuiunga, urefu mita 43. Mwalimu alisimama karibu na ubavu wake muda mrefu, kisha akaniita kwa kidole, "Njoo uone. Haina msumari. Imefungwa kwa kamba." Babu yake alikuwa akimhadithia mitepe ya Lamu, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, na wala hakutegemea kuikuta stori hiyo kwa mfalme wa Misri. Wengine wanasema ilimbebea maiti, wengine wanasema ya kusafiria na Ra, mungu jua, angani. Mwalimu hakutaka kusikia ya nani, alikuwa anahesabu matundu ya kamba.

Saa 12 jioni

Foleni ya kurudi mjini, nusu ya gari wamelala. Kijana hajalala, ananionyesha kichwa cha vidio yake: "Piramidi: walevi wa Menkaure waliweza, wewe je?" Nikamwambia hiyo sasa angalau ina ukweli ndani yake.

Bibi naye macho, swali lake alilibana tangu asubuhi: kati ya hawa wote, Firauni wa Nabii Musa ni yupi? Nikamwambia bibi, wenye piramidi kubwa walishakufa zaidi ya miaka elfu moja kabla, wengi wanaotajwa ni akina Ramses II na mwanawe Merneptah, na kesho asubuhi tunaenda Fustat, maiti za kifalme 22 zilihamishiwa huko Aprili 2021, Ramses mwenyewe kalala hapo. Akanyamaza, kisha akauliza kama pale wanaruhusu mtu kuongea kwa sauti.

Nikamuuliza Ustadh. Akasema sauti ya chini tu.

"Basi niweke mbele," bibi akasema, "nina maneno yangu na huyo bwana."