Mama na kidude cha presha

"Umenipima mara ya kwanza ukasema mimi mgonjwa. Umenipima mara ya tatu, sasa wasema nina nafuu. Kwa hiyo dawa ni hicho kidude?"

Maneno ya Mama, Jumamosi iliyopita usiku, mkono kaulaza mezani, kanga imemteremka begani. Wiki nzima mkuu wa shule kahamishwa, posa ya Zai wetu wa hapa nyumbani imejibiwa, mitihani ya nusu muhula imesahihishwa, na mimi kichwani nina kidude tu.

Kabla ya hapo zahanati walimpima presha mara moja, ndiyo kwanza anaingia na jua la saa saba, wakapata 162 kwa 98. Ndipo nikanunua mashine. Usiku ule namba ya juu ikatoka 158, kisha 151, kisha 147. Nikamjibu kama niko darasani: "Mama, hapa tunachukua wastani." Akasema, "Wastani wa nini, wa mkono wangu?" Zai alicheka mpaka chai ikampalia.

Kinachoniuma ni kwamba somo hilo ndilo mkate wangu. Kila mwaka nawafungia kidato cha pili jiwe kwenye uzi wa mita moja, walibembeze. Kwenda na kurudi ni kama sekunde 2. Huyu anapata 1.8, yule 2.3, maana kidole kimewahi au kimechelewa kubonyeza saa. Hakuna anayejua amekosea kiasi gani. Lakini ukijumlisha waliowahi na waliochelewa, makosa yanakulana yenyewe kwa yenyewe. Vipimo 4 vinapunguza kuyumba kwa wastani hadi nusu. Ukitaka robo, pima mara 16. Kuyumba hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, nacho hakina huruma.

Presha nayo ina vidole vyake: ngazi, haja ndogo iliyobanwa, hasira kwa binti anayejifanya daktari. Mama hakupona ndani ya dakika tatu. Alikuwa ametulia kitini, nami nilikuwa nimeanza kumwona vizuri zaidi. Hivyo tu ningesema! Jibu limekuja Jumatano, nikiwa kwenye daladala.

Hata hivyo alikubali. Kuanzia Jumapili hadi jana, asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, dakika moja katikati. Siku ya kwanza tunaitupa, mtu bado anaiogopa mashine. Vikabaki vipimo 24, vyote kwa mwandiko wake, nyuma ya daftari la upatu, na pembeni kaongeza maelezo yake: "nimelala vibaya", "Zai kaniudhi". Wastani ukatoka 138 kwa 84. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, basi namba ya juu tumevuka kidogo tu. Nilifurahi, nikaanza hata kutunga hotuba ya kumpa.

Jana usiku akaingia Mama Rehema wa jirani, muuguzi mstaafu. Hakuangalia daftari. Aliushika mkanda wa mashine unaofungwa mkononi, akaushika mkono wa Mama, akauliza, "Huu mkanda wa nani, wa mtoto?"

Mkono wa Mama ni mnene. Mkanda mdogo husukuma namba juu, na husukuma kila mara. Vipimo vyangu 24 vyote vimeinamia upande mmoja; havina wa kukulana naye. Ningepima mara 1,000, ningepata uongo uleule, ila ulionyooka zaidi. Nami ndiye ninayewafokea watoto wakipima uzi kwa rula iliyokatika ncha.

Nilimsubiri Mama aseme neno. Akamimina chai, akamsogezea Mama Rehema kikombe, wakaanza habari za posa.

Kesho napita mjini kutafuta mkanda mpana, tuanze upya siku 7. Daftari kalificha, au labda kalirudisha kwenye upatu.